Kazi Iliyoitwa Kukaa Tu

Nkwabi ni dereva wa lori. Anaishi Mkolani, upande wa kusini wa Mwanza, pamoja na mke wake Paskazia na watoto wao. Lori si lake. Ni la Mama Maulida, mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba. Mali ya Nkwabi mwenyewe ni leseni, viatu, na mgongo unaouma.

Kazi yake inaeleweka kirahisi. Anapakia dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Anapita Mkolani, mbele ya nyumba yake, anapiga honi. Anavuka daraja la Busisi. Anapita Sengerema na Geita, anashusha mzigo Katoro, kisha anarudi na mchele. Kwa safari hiyo analipwa fedha ya tripu. Tripu ikiwepo, analipwa. Isipokuwepo, anapewa pole.

Akifika nyumbani, Nkwabi huoga, hula, halafu hulala. Siku nyingine mpangilio huo huvurugika. Ipo siku alilala kabla hajamaliza kutafuna. Paskazia alimtoa tonge mdomoni kwa uangalifu, kama daktari wa meno, kisha akamfunika shuka.

Alipoamka, mke wake alimuuliza kazi ilikuwaje.

“Jana sikufanya kazi,” alisema Nkwabi. “Nilikaa tu Mwaloni nasubiri mzigo.”

Jibu hili ni la heshima. Kwa watu wa kwao, Wasukuma, mtu mzima haelezi jinsi alivyochoka. Ukimkuta anachimba kisima kwa kijiko, ukamuuliza habari, atakuambia yupo tu. Nkwabi alilelewa vizuri. Hilo ndilo lililomponza.

Zamani, kabla ya daraja la Busisi kufunguliwa, malori yalipanga foleni Kigongo kusubiri kivuko. Mama Maulida alikuwa akimpa Nkwabi posho kidogo, iliyoitwa posho ya kivuko, kwa sababu ya kusubiri. Daraja likafunguliwa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mama Maulida alishangilia pia, akaifuta posho. Alisema kusubiri kumekwisha. Kila mtu alikubali, hata Nkwabi.

Lakini kusubiri hakukuisha. Kulihama tu. Kulitoka Kigongo kukaenda Mwaloni, na huko hakukupewa jina wala posho.

Kisha utingo wa lori, yule msaidizi wa dereva, akapata pikipiki yake mwenyewe akaacha kazi. Mama Maulida hakuajiri mwingine. Majukumu yote ya utingo yakamwendea Nkwabi, kama urithi. Tofauti na urithi mwingine, huu haukuwa na shamba wala ng'ombe.

Hali iliendelea hivyo mpaka siku ya matembele.

Ilikuwa Alhamisi. Nkwabi alirudi kutoka Katoro akaegesha lori karibu na nyumba. Paskazia ana genge la mboga mbele ya nyumba yao, na mtu wa genge huona mboga popote ilipo. Aliona majani yamenasa kwenye bampa ya lori. Akayavuta. Yalikuja marefu, pamoja na shina na udongo.

“Baba Precious,” alisema, “haya ni matembele.”

Nkwabi alisema huenda ni upepo.

“Upepo unang'oa matembele na mizizi yake?”

“Inategemea upepo.”

“Siku hizi barabara ya lami inaota viazi?”

Nkwabi alitazama chini. Kisha akasema ukweli, kwa sababu swali la mboga huwezi kumshinda mtu wa genge. Alikuwa amepita Sengerema asubuhi. Jua lilikuwa limetoka, na barabara ilikuwa nyoofu. Mchana wa jana yake na usiku wake wote alikuwa Mwaloni. Alifumba macho kidogo tu. Alipoyafumbua, lori lilikuwa katikati ya shamba la viazi vitamu, limesimama, injini inaunguruma. Hakuna mtu aliyeumia. Viazi havikusalimika. Mwenye shamba, bibi mmoja, alikuja na jembe. Kwanza alimuuliza kama ni mzima, ndipo akadai fidia ya viazi. Alifuata utaratibu huo, na anastahili sifa.

Paskazia hakucheka. Alikaa juu ya kreti tupu ya nyanya.

“Wangekuwa watu?” aliuliza.

“Hawakuwa watu.”

“Nimeuliza, wangekuwa watu?”

Asubuhi ile ile, katika barabara ile ile, watoto huenda shuleni kwa miguu.

Wakati huo jirani yao Modesta alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa anatafuta kuku wake, ambaye alikuwa na tabia ya kutaga chini ya mawe ya watu wengine. Modesta ametoka Ukerewe. Anafanya kazi katika ofisi ya kazi mjini, ile inayoshughulikia mambo ya waajiri na wafanyakazi. Alisikia habari yote, kwa sababu kuta za Mkolani hazifichi mambo, na hapo hapakuwa hata na ukuta.

“Msukuma na viazi ni ndugu,” alisema. “Shemeji, ulikwenda kusalimia?”

“Ninyi watu wa visiwani mna maneno,” alisema Nkwabi. “Kuku wako hayupo hapa.”

“Nitampata. Hebu niambie kwanza. Kabla ya kusalimia viazi, ulishinda ukifanya nini?”

“Nilikaa tu Mwaloni.”

Modesta alivuta kreti nyingine, akakaa. Alimwomba aelezee huko kukaa, kuanzia alipofika. Nkwabi aliona ni jambo dogo, akaeleza. Alifika alfajiri kwa sababu Mama Maulida alimwita mapema, ili lori liwe karibu. Dagaa hawakuwa wamekauka. Akangoja. Walipokauka, alihesabu magunia yakipanda. Alipanda juu kuyapanga, maana magunia yakilalia upande mmoja, lori hutembea kama mlevi. Manyunyu yalipoanza, alifunika turubai. Jua liliporudi, akalifunua. Alikagua matairi, akabadilisha moja. Alifunga kamba. Mzigo haukukamilika siku hiyo, basi akakesha juu yake kuulinda. Asubuhi yalipandishwa magunia ya mwisho, akaondoka.

“Na gunia likipungua, nani analipa?” aliuliza Modesta.

“Mimi. Linakatwa kwenye fedha ya tripu.”

Paskazia alisikia haya kwa mara ya kwanza. Alimtazama mume wake kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akiishi na mtu mwingine.

“Hicho ndicho ulichokuwa unaniambia ni kukaa?” alisema.

Modesta alianza kueleza. Hakutumia maneno makubwa.

“Kuendesha ni sehemu ya kazi ya dereva. Si kazi yote,” alisema. “Mimi nikitaka kujua kama muda fulani ni wa kazi, nauliza maswali mawili. La kwanza: ungeweza kwenda zako? Ungeweza kuja nyumbani ukalala?”

“Nani angelinda mzigo?”

“Basi hukuwa huru. La pili: kitu kikiharibika, nani anaulizwa?”

“Mimi.”

“Mtu aliyekaa tu haulizwi habari za gunia. Ukiulizwa wewe, ulikuwa kazini.”

Aliendelea kueleza kwamba sheria ya kazi ya nchi imeweka mipaka. Kwa kawaida mtu hafanyi kazi zaidi ya muda wa saa tisa kwa siku, wala saa arobaini na tano kwa wiki. Kinachozidi hapo kinaitwa muda wa ziada. Hufanywa kwa makubaliano, nao una mipaka yake na hulipwa kwa kiwango cha juu zaidi. Baada ya siku ya kazi lazima kuwe na mapumziko, na kawaida ni saa kumi na mbili mfululizo. Kulipwa kwa tripu si kosa. Lakini tripu haifuti saa.

“Sheria haitaji kamba na turubai,” alisema Modesta. “Haiwezi kutaja kila kitu. Ndiyo maana mnatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi, unaosema kazi zako ni zipi na zinalipwaje. Unao?”

Nkwabi alisema wao walipeana mikono.

“Mkono ni mzuri. Tatizo, hausomeki.”

Paskazia aliuliza jambo lililokuwa linamkera. Alisema yeye hajali sana malipo. Anataka mume wake arudi nyumbani mzima. Malipo ya turubai yatamzuiaje kusinzia?

“Mama Precious, hapo ndipo penyewe,” alisema Modesta. “Muda usiolipwa hauhesabiwi. Usipohesabiwa, hakuna anayejua kwamba mtu ameshafanya kazi siku nzima kabla hajashika usukani. Mama Maulida anaamini dereva anaanza kazi lori linapoondoka. Kwa hesabu yake, pale Sengerema Nkwabi alikuwa na saa chache tu kazini. Kwa hesabu ya macho ya Nkwabi mwenyewe, alikuwa amemaliza siku nzima na usiku juu.”

Alishauri Nkwabi aanze kwa kuzungumza na mwajiri wake kwa adabu. Wakishindwana, aende ofisi ya kazi. Ikibaki kuwa mgogoro, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini asigome ghafla wala asitelekeze lori, maana kugoma kuna utaratibu wake.

“Na hapa nasema kama jirani,” alimaliza. “Ofisini sitafuti kuku.”

Kesho yake Nkwabi alikwenda Kirumba. Ofisi ya Mama Maulida pale Mwaloni ni meza, mwavuli na mizani. Pembeni kuna benchi, na juu ya benchi yupo Shaibu. Shaibu ni shemeji yake Mama Maulida, mdogo wa marehemu mume wake. Hucheza drafti. Kukaa kwake kunajulikana Kirumba nzima. Yupo aliyesema kwamba benchi lile lilinunuliwa jipya, likapata umbo la Shaibu baadaye.

Njiani Nkwabi alikuwa amepanga maneno yake vizuri. Alifika, akasalimia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Nkwabi. Habari za kazi? Juzi hapa ulishindaje?”

“Nipo tu, mama. Nilikaa tu.”

Lilitoka lenyewe. Mdomo ulikuwa umezoea. Nkwabi alipotaka kuendelea na hoja ya malipo ya muda wa Mwaloni, alikuwa ameshaifukia kwa mikono yake. Mama Maulida alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu naye ni mtu wa adabu. Kisha akacheka.

“Mwanangu, mimi nakulipa kuendesha. Kukaa nako nikulipe? Nikianza kulipa kukaa, huyu hapa atanifilisi.” Alimwonyesha Shaibu kwa kidole. Shaibu aliinua mkono kukubali sifa. Wapagazi waliokuwa karibu walicheka mpaka wakatua magunia.

Nkwabi alirudi Mkolani. Mzigo mwingine ulikuwa umepangwa Jumatatu.

Paskazia alimsikiliza. Hakumlaumu, au alimlaumu kidogo tu, wakati anachambua mchicha. Alimwambia heshima yake imekula hoja yake. Kisha akaacha kuchambua mchicha, na Nkwabi, ambaye anamjua mke wake, alianza kuogopa.

“Amesema ni kukaa tu?” aliuliza Paskazia.

“Ndivyo alivyosema.”

“Basi mtu yeyote anaweza kukaa. Mwambie akupe mtu akukalie. Wewe lala nyumbani. Mzigo ukiwa tayari, nenda ukaendeshe, kama anavyotaka.”

Walimwita Modesta wamuulize kama hilo ni kugoma. Modesta alifikiri, akasema kuomba si kugoma. Mwajiri akikataa, aende kazini kama kawaida. Akikubali, amekubali. Aliondoka haraka, na walimsikia akicheka mpaka kwake.

Nkwabi alipiga simu. Aliomba kwa unyenyekevu. Alisema amechoka, na kwa kuwa pale Mwaloni hakuna kazi ila kukaa, anaomba mtu akae badala yake hadi lori lijae. Mama Maulida hakuona ubaya. Kwanza alifurahi, kwa sababu ilithibitisha maneno yake mwenyewe. Na alikuwa na mtu mwenye ujuzi.

Jumatatu asubuhi Shaibu alifika kwenye lori akiwa na chupa ya chai na ubao wa drafti.

Yaliyotokea siku hiyo yamesimuliwa na Yassin, msimamizi wa upakiaji, na Yassin si mtu wa kuongeza chumvi. Shaibu alimimina chai. Kabla hajainywa, Yassin alimwita akahesabu magunia. Alihesabu vizuri mpaka rafiki yake mmoja akapita akamsalimia. Salamu zilipokwisha, hesabu nayo ilikuwa imekwisha. Magunia yakashushwa, yakahesabiwa upya, na wapagazi wakasema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Safari ya pili magunia yalipangwa upande mmoja. Lori likainama. Shaibu akaambiwa apande juu ayasawazishe, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtu wa lori. Akapanda. Kupanda kulimchukua muda.

Manyunyu yakaanza. Akafunika turubai. Jua likatoka. Akalifunua, maana dagaa waliofunikwa wakiwa na unyevu huoza. Manyunyu yakarudi. Inasemekana Shaibu alilitazama ziwa kwanza, ndipo akalishika tena turubai.

Mchana watu walikwenda kula. Yeye hakuweza kwenda, kwa sababu gunia moja lilikuwa limepasuka, na korongo wa Mwaloni walikuwa wameona. Ndege hawa ni wakubwa, wana vipara, na wanatembea kama wakaguzi. Shaibu alikula wali amesimama, kijiko mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Baadaye alifunga kamba. Kamba zilimchubua viganja. Jioni Yassin alimweleza kwamba mzigo haujakamilika, hivyo atalala juu yake.

Shaibu alishuka kwenye lori, akaenda moja kwa moja kwa Mama Maulida. Hakukaa kwenye benchi.

“Shemeji, nataka malipo yangu,” alisema. “Ya kuhesabu, ya kupanga, ya turubai, ya kamba. Na korongo walipiwe peke yao. Nimewafukuza mmoja mmoja.”

“Si ilikuwa kukaa tu?”

“Kukaa nakujua mimi. Hakuna anayekujua Kirumba hii kama mimi. Kule hakuna kukaa.”

Mama Maulida alikuwa amewabishia wauzaji, wanunuzi na madereva kwa miaka mingi. Lakini ukweli huu ulitoka kwa bingwa. Alimlipa, akamtafuta mlinzi wa mzigo, naye huyo akataka malipo kabla hajapanda. Mama Maulida alirudi nyumbani akiwa amelipa watu wawili kwa kazi ambayo siku zote aliamini haipo.

Siku iliyofuata Nkwabi alifika asubuhi kuchukua lori. Alikuwa amelala nyumbani usiku kucha. Mama Maulida alimtazama kwa mshangao kidogo. Alikuwa hajui kwamba Nkwabi ana macho meupe.

Walisalimiana. Safari hii alipoulizwa habari, Nkwabi aliisukuma heshima pembeni.

“Habari si nzuri, mama,” alisema. “Wiki iliyopita nilisinzia nikiendesha lori lako. Nilitoka barabarani, nikaingia kwenye shamba la viazi. Nilikuwa sijalala tangu nilipofika hapa kupakia.”

Mama Maulida aliweka kalamu chini. Nkwabi alijua anaweza kufukuzwa kwa maneno hayo. Aliyasema yote.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niliona aibu. Na wewe ungeniuliza nilichoka kwa kazi gani, nami nilishakuambia nilikaa.”

Mama Maulida hakumfukuza. Alikuwa na mashaka mengine, na yalikuwa mashaka ya maana. Alisema akilipa kwa muda, dereva anaweza kujichelewesha makusudi, apige drafti huku saa zinalipwa. Nkwabi alimjibu kwamba dereva hawezi kuchelewesha dagaa kukauka. Anayeamua lori liitwe lini ni mwenye mzigo. Yassin aandike saa ya kufika na saa ya kumaliza, dereva atie sahihi, na kila mtu ataona muda umepotelea wapi.

“Mama, kusubiri hukuoni kwa sababu hukulipii,” alisema. “Ungekuwa unakulipia, usingeniita alfajiri dagaa wakiwa bado wabichi.”

Mama Maulida aliichukua tena kalamu. Mfanyabiashara akishika kalamu hivyo, anapiga hesabu.

Waliandika mkataba wiki hiyo hiyo. Nkwabi aliubeba kwanza nyumbani, Modesta akausoma mstari kwa mstari, akarudisha sehemu mbili zirekebishwe. Mkataba unasema kazi za dereva ni kuendesha, kukagua gari, kusimamia upakiaji na ushushaji, na kusubiri mzigo kwa amri ya mwenye mali. Muda wa kazi hizo zote unahesabiwa na kulipwa. Unaozidi kawaida unalipwa kama muda wa ziada. Mzigo ukilala, analala nao mlinzi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Dereva aliyeshinda akipakia hashiki usukani mpaka apumzike. Na gunia likipungua, hakuna kukata kabla ya kuchunguza.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, isipokuwa Modesta, ambaye alisema alilitarajia baada ya kutokea. Malipo ya kusubiri hayakuwa makubwa kama Mama Maulida alivyoogopa, kwa sababu kusubiri kwenyewe kulipungua. Sasa dagaa hukaushwa, hufungwa na kuhesabiwa ndipo lori huitwa. Nkwabi hufika, hupakia, huondoka mapema. Lori linafanya tripu nyingi kuliko zamani. Mama Maulida huwaambia wenzake pale Mwaloni kwamba ni wazo lake. Nkwabi hajawahi kumbishia. Wamiliki wengine wawili wameshakwenda kumuuliza anafanyaje.

Madereva wengine nao walimuuliza Nkwabi. Aliwaambia waanze kwa kusema kazi zao kwa majina. Ukifunga kamba, sema umefunga kamba. Ukilinda mzigo, sema umelinda. Hilo si kujisifu, wala si kukosa adabu. Ni kutoa taarifa.

Nyumbani Mkolani kulikuwa na jambo moja lililochelewa kupona. Tangu siku ya matembele, Paskazia alikuwa akimpigia simu mume wake kila anaposafiri. Alipiga akikadiria amefika Usagara. Alipiga tena Busisi, tena Sengerema. Hakuwa na la kusema. Alitaka tu kusikia sauti ya mtu aliye macho. Genge lilikosa wateja kwa sababu mwenye genge alikuwa anatazama simu. Mkataba uliposainiwa, aliendelea kupiga. Baada ya majuma kadhaa akaacha Usagara. Halafu akaacha Busisi.

Jumanne moja Nkwabi alifika Katoro, akashusha mzigo, akagundua kwamba simu haijaita njia nzima. Aliingiwa na wasiwasi. Akapiga yeye.

Simu iliita sana kabla ya kupokelewa. Nyuma ya Paskazia kulisikika watu wakibishania bei ya nyanya.

“Mama Precious, kuna nini? Mbona kimya?”

“Kimya cha nini?” alisema Paskazia. “Umeshafika?”

“Nimeshafika.”

“Haya. Nina wateja hapa, usinichanganye chenji.”

Akakata simu.